Pumzi ya Datsun

Pikapu yangu ilikuwa na pumu.
Ukishaiacha Salgaa, mlima unapoanza kukuuliza jina,
ilikohoa mara mbili, ikatema moshi,
na malori ya Malaba yakanipita polepole
kama waombolezaji wasiomjua marehemu.
Magunia kumi ya unga wa ng'ombe mgongoni,
mteja wa Molo akipiga simu: umefika wapi?
nami nikitazama sindano ya mwendo
ikirudi ishirini
kama mtoto aliyekatazwa.

Nikaipeleka Shabab kwa Kabon.
Hakugusa plagi, hakugusa karibureta.
Alifungua boneti, akatega sikio, akasema,
"Injini nzima. Inanyongwa tu."
Akanionyesha manifoldi ya kuingizia hewa:
mikono minne ya alumini, myembamba, imepinda
kama mtu aliyelala vibaya.
"Pumzi yote inapitia humu.
Wewe ungepanda Sachangwan
ukipumua kwa mrija wa soda?"

Sikujibu. Niliuliza bei.

"Kabla ya bei, chagua.
Mikono mirefu itakupa nguvu huku chini,
gari likitambaa na mzigo.
Mifupi itakupa mbio, injini ikipiga mayowe.
Anayekuahidi vyote viwili anakuuzia rangi."
Nikayafikiria magunia. Nikawafikiria pia, sifichi,
vijana wa Subaru wanaonipigia honi Kiamunyi.
Nikachagua mirefu,
ila nilichukua muda usiomfaa mtu wa umri wangu.

Alinituma alumini: pistoni kuukuu, chochote.
Nyumbani ilikuwepo sufuria ya mama,
ile kubwa ya harusi na matanga,
iliyotoboka mwaka aliofariki,
ambayo hakuna aliyethubutu kuiziba wala kuitupa.
Kabon aliigeuza. Chini ya ukingo akaona R.W.M.,
herufi alizozikwaruza mwenyewe kwa msumari
isije ikapotelea kwenye sherehe za watu.
Akanitazama. Akangoja.
"Yeyusha," nikasema.
"Peke yake ni laini," akasema. "Pistoni zitaitia mfupa."

Makaa, mchanga wa kufinyangia,
kikausha nywele cha saluni kikivumisha moto.
Sufuria ilikunjamana, ikalegea,
ikawa uji mzito wa fedha.
Herufi zilizama bila kuaga.

Kisha siku tatu za tupa.
Alipaka gaskiti chaki ya buluu, akaibandika mdomoni mwa silinda,
akanionyesha kingo ya chuma iliyojitokeza,
unene wa ukucha.
"Huu umekula farasi wako wangapi?"
Akausawazisha.
Nilipotaka kusugua ndani hadi kung'ae
alinipiga kofi la mkono.
"Acha mikwaruzo. Petroli ikikuta kioo
inateleza ukutani, inakuwa matone.
Ikikuta ukuta mkali kidogo, inakumbuka kuchanganyika."

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, magunia yale yale.
Salgaa ikabaki nyuma. Gia ya tatu.
Nikangoja kikohozi.
Nikazima redio ili nikisikie vizuri.

Sitasema iliruka. Ilipanda.
Sindano ilifika arobaini na tano, ikakaa hapo,
na chini ya boneti kulikuwa na sauti mpya,
nene, ya kuvuta ndani,
kama mtu anayeonja mchuzi wa moto
ukingoni mwa mwiko.

Petroli inakunywa zaidi; Kabon alinionya.
Ikisimama kwenye foleni inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.
Na wale wa Subaru bado wananipita.

Molo, mteja alikuwa bado na mswaki mdomoni.
"Leo mapema. Umebadilisha nini?"
"Sufuria," nikasema.
Akacheka, akatema povu,
akaanza kuhesabu magunia.