Vifo vya Thelma Garbutt

Amekufa mara kumi na moja.
Ya kwanza kwa sumu, ndani ya chai,
akiwa yaya asiye na jina;
ya tatu chini ya garimoshi,
vikaonekana viatu tu.
Mara moja walimvika wigi la jaji,
akaishi dakika arobaini nzima,
kisha ngazi.

Leo yumo foleni, Grimsby,
mvua ya Machi, kikapu mkononi,
hana rangi mdomoni.
Muuza samaki anamkazia macho, kisu hewani:
"Wewe! Jana usiku umekufa tena!
Mke wangu kalia."
"Nilikufa vizuri?"
"Ulikufa, mama, ukafa haswa."

Anacheka mpaka anakohoa.
Anaomba chewa wawili:
mmoja wa paka,
mmoja wa kesho.