Kwa Atakayelala Chumba Hiki Baada Yangu

Dada, au mama, au shoga nisiyekujua,
usishtuke kukuta karatasi hii imekunjwa nyuma ya droo.
Kiyoyozi kinadondosha maji upande wa kushoto;
sogeza kitanda kabla hujalala, si baada.
Komeo la mlango limelegea.
Mwambie Thankappan wa mapokezi, ataapa amelitengeneza,
nawe mjibu ahsante, kisha weka kiti.

Kwenye teksi kaa nyuma. Patana bei mguu mmoja ukiwa bado nje.
Soma namba ya gari kwa sauti kwenye simu,
hata kama simu haina salio,
hata kama unayemsomea ni ukimya.
Mtandio utakufaa, kwa jua zaidi kuliko kwa macho ya watu.
Agosti, hapa Matrah, jua halichomi, linachemsha.

Sasa lile ninalotaka kukwambia.

Siku ya kwanza dereva aliniuliza, "Peke yako?"
Ulimi ukanitangulia: "La, mume wangu anasubiri hotelini."
Sikuwa na mume. Nilikuwa na daftari la oda za vitambaa
na wateja wanne Tanga walionilipa nusu.
Kesho yake muuza udi naye akauliza.
Nikampa mume jina: Shaame.
Mwenye duka la simu akataka kujua kazi yake;
nikampeleka bandari ya Sohar, fundi wa kreni.
Kufika Ijumaa alikuwa na presha, hali chumvi.
Jumamosi, dada, nilimnunulia kanzu,
nikabishana na mshonaji kuhusu mikono,
ati Shaame ana mikono mirefu.

Alinifaa. Usiku ule gari jeupe lilipopunguza mwendo kando yangu
kutoka duka la mikate hadi mzunguko wa Ruwi,
taa zimezimwa, kioo kimeshushwa nusu,
nilimwita kwa sauti, "Shaame! Harakisha!"
nikaingia duka la dawa, nikanunua pamba nisiyoihitaji.
Mfamasia, binti wa Kibaluchi mwenye miwani, hakuuliza kitu.
Alifunga mlango, akanipa kiti, akaendelea kuhesabu vidonge
mpaka barabara ikawa barabara tena.
Duka liko mkabala na benki. Lina taa ya kijani. Likumbuke.

Nyumbani walinifundisha: tahadhari kabla ya hatari.
Hawakusema kuwa tahadhari huichosha miguu
kabla ya safari.

Bi Zuweina ndiye aliyenigundua.
Anauza mkate na samli nyuma ya sooki,
Kiswahili chake cha Ng'ambo hakijaota kutu miaka hamsini.
"Huyo mumeo," akasema, "anakula nini?
Kila asubuhi wanunua mkate mmoja."
Nikatafuta uongo, nikakuta umeniishia.
Akacheka mpaka shela ikamteleza.
"Wangu mimi alikuwa Nasibu, fundi saa.
Nilitoka naye Dubai hadi hapa, sabini na nne,
hakuwahi hata kukohoa."
Akatia mkate wa pili mfukoni. "Wa Shaame."

Jioni hiyo nilikaa Kornishi bila kumtaja mtu.
Wanaume walipita, na watoto wao, na aiskrimu zao.
Mmoja aliniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akaenda.
Wengi, dada, ni hivyo tu: wanataka kujua saa.
Lakini hutajua nani ni nani, mimi pia sikujua,
kwa hiyo kiti mlangoni, na nyuma kwenye teksi.

Naondoka alfajiri.
Kanzu imo kabatini, haijavaliwa hata mara moja.
Itundike karibu na dirisha, watu waione.
Jina ukitaka libadilishe.
Ila presha mwachie;
husaidia ukitaka kurudi hotelini mapema.

Mwanakheri.
(Namba yangu sijaandika. Tahadhari.)