Milimita Thelathini na Tano

Breixo alileta springi nne ndani ya gunia la viazi,
nyekundu, fupi, zikigongana kama sahani za harusi.
"Bibi Dorinda, hizi zitaishusha Golf yako
milimita thelathini na tano."
Nikapima kwenye ukingo wa meza:
upana wa vidole viwili.
Majirani wakapima kwa ulimi.
Kufika Jumapili kijiji kizima kilijua
kwamba mjane wa miaka sitini na tisa
anataka gari la vijana wa disko.

Sikuwajibu. Hawakujua nilichokuwa nasikia.

Miaka thelathini na moja nilisambaza barua ng'ambo hii ya mto Sil,
barabara imejikunja kati ya mizabibu
kama utumbo wa kondoo,
na kila kona gari lililala ubavu,
likafikiri,
likainuka limechelewa.
Mwenda pole hajikwai, waliniambia.
Nilikwenda pole. Barua zikamwagika vilevile,
bili za umeme juu ya kadi za rambirambi.
Na tangu majira mawili ya baridi yaliyopita,
upande wa kushoto, kila nikikanyaga breki:
ko.
Neno moja tu. Ko.
Kama mgeni mlangoni asiye na haraka.

Ijumaa usiku tulizimwagia nati mafuta, tukaziacha zilale nayo.
Jumamosi jeki, stendi nne,
gari likabaki pekupeku.
Nati ya tatu ilikataa. Tukaibembeleza, tukaitukana,
Breixo akaipasha moto kwa gesi; ikalia, ikatoka.
Ya nne ilikatika bila kuomba ruhusa.

Kisha vibano.
Hapo kijana alinyamaza, akanisogeza nyuma kwa kiwiko.
Springi iliyobanwa si chuma tena, ni hasira iliyokunjwa;
ukiikosea, inakutafuta uso.
Akakaza huku mizunguko miwili, kule miwili,
nami nikahesabu kwa sauti
kama usiku ule nilipomhesabia mama yake
uchungu ukija na kuondoka.

Ilipotoka, chini kwenye kikombe chake
kilibaki kipande cha koili, urefu wa kidole cha shahada,
kimevunjika zamani, kimeota kutu penye jeraha.
Ko.
"Bibi," akasema, "umekuwa ukiendesha gari linalochechemea."
Nikamwambia nilidhani ni mimi.

Nyekundu ziliingia kwa urahisi wa kutia aibu,
na shokomzoba mpya, maana za zamani
ukizibonyeza zilishuka, hazikurudi.
Boliti za mikono hatukuzikaza gari likiwa hewani.
Tulilishusha kwanza, likabeba uzito wake lenyewe,
ndipo spana.
(Hili alilirudia mara tatu: raba ikikazwa hewani
huishi maisha yake yote imesokotwa.
Nikaliandika nyuma ya bahasha.)

Jumanne, Monforte. Magurudumu yakanyooshwa.
Injinia wa mihuri akanitazama,
akalitazama gari,
akanitazama.

Nikarudi kwa njia ya mtoni.
Kona ya kinu, ile iliyowahi kunila vioo viwili:
niliingia kwa gia ya tatu, nikingoja kulala, kufikiri, kuinuka.
Hakukuja.
Gari lilipita kama mkasi uliopata uzi wa kitambaa.
Trei ya mayai kiti cha nyuma haikusogea.
Mashimo niliyahisi, yote, kwa hesabu,
ila kila shimo lilisema mara moja likanyamaza.
Nikageuza darajani. Nikaipita tena.

Sisemi nilirudi ujana. Goti la kulia
lilikuwa lilelile juu ya pedali.

Kisha langoni kwangu, kwenye kizingiti cha jiwe
alichokilaza babu kwa ajili ya gari la ng'ombe,
tumbo la Golf likakwaruza, kwa sauti ndefu,
na dirisha la Obdulia likafunguka.
Nikashuka. Nikainama. Nikapima.
Vidole viwili.
Nikaenda kubisha kwake, kuazima sururu.