Ikama

Nyuma ya kaunta kuna ubao wa chaki.
Ikama: askari ishirini na wawili.
Waliopo: tisa.
Ile ishirini na mbili haijaguswa tangu nihamie Igombe,
imeshikana na mbao kama rangi.
Tisa ndiyo ninayofuta kila mara kwa kiganja,
na leo, kabla ya chai, nimeandika nane.

Sajenti Lugembe yuko stoo, anakabidhi.
Karani anasoma, yeye anaitika
kama mtoto anayeitwa jina darasani.
Filimbi moja. Ipo.
Pingu jozi moja. Zipo, ufunguo umepinda.
Koti la mvua.
Lilichanika Kayenze, usiku wa zile injini.
Imeandikwa wapi?
Haijaandikwa.
Tulikuwa wawili, mtumbwi mmoja,
wezi watano, tochi yenye betri za redio.
Nani angeshika kalamu?

Mwaka wake wa kuzaliwa aliukisia karani wa pamba.
Mama yake alisema tu: ule wa ziwa kupanda,
maji yalipoingia ghalani na marobota yakaelea.
Maji yale yalikaa miaka mitatu.
Karani akachagua wa kwanza, akapiga mhuri.
Basi Lugembe anastaafu kwa kisio la marehemu.
Huenda bado ana miaka miwili mgongoni,
lakini mashine ya makao makuu haijui mafuriko.

Dirishani namwona Sayi, mwana wa Ng'wasi,
anageuza dagaa mchangani kwa reki.
Mara tatu amepanga foleni ya ajira.
Mara ya kwanza walimsimamisha ukutani,
akapungua kidole.
Ya pili, jino.
Mwaka huu jino limezibwa, na kimo, sijui alikipata wapi,
cheti kimepigwa mhuri, viatu kaazima;
amezidi umri kwa wiki tatu.
Aliniambia akicheka: Afande, nimezeeka.
Kisha akashika reki.

Kati ya Sayi na Lugembe kuna nafasi kumi na nne.

Zamu napanga mimi.
Watu nane ni shuka la mtoto:
ukivuta kichwani, miguu inabaki nje.
Jumanne mahakama inataka wawili wa kusindikiza.
Alhamisi gulio.
Usiku mwalo, na mwalo haulali.
Jana nimejipanga mchana na usiku, nikajisaini mwenyewe,
nikarudi nyumbani mwanangu akanipigia saluti mlangoni.
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wapya wako Moshi, tunaambiwa, mchakamchaka, watakuja.
Mkoa utachota kwanza, kisha wilaya, kisha bandari;
kitakachobaki sufuriani ndicho chetu, ukoko.
Mwaka jana tulipewa mmoja.
Alikuwa kijana mzuri, mwandiko safi.
Mwezi wa nne akahamishwa.

Saa saba anaingia mama, kanga imelowa hadi magotini.
Nyavu zimeibwa.
Mimi niko nyuma, namfungulia mahabusu maji.
Namsikia Lugembe, shati la kiraia, mikunjo ya sandukuni:
Saa ngapi? Ulizianika wapi? Nani alipita?
Nasikia daftari la matukio likifunguliwa,
kalamu ikienda, mwandiko ule ulioinama kama matete.
Anaandika yote. Hata mbwa aliyebweka ameandikwa.
Anafika kwenye mstari wa namba ya askari.
Kalamu inasimama.

Nimetoka, mikono yangu ina maji.
Analisogeza daftari upande wangu, haniangalii.
Naandika namba yangu chini ya maneno yake.
Mama anatutazama, yeye, mimi, yeye.
Kwani afande ni nani hapa?

Hakuna aliyejibu.
Zilikuwa nyavu za inchi sita, za bluu,
mpya, bado zinanuka duka.