Dirisha Namba Nne

Marquette, mwezi wa Machi, theluji bado imekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tumefungua milango. Kiti kimoja mtu, kiti kimoja utepe wa njano,
na foleni imetoka nje, imepinda kwenye duka la rangi,
watu wakikanyaga-kanyaga baridi isiwapande.

Kazi yangu ni nyepesi kuieleza:
shusha barakoa, tazama hapa, usicheke,
pandisha barakoa. Anayefuata.
Kwa pumzi moja nauona uso mzima wa mtu,
kisha unafunikwa tena,
nami nabaki na kadi ya zamani mkononi
nikijaribu kuwapatanisha hao wawili.

Hawapatani. Dale Kangas wa lori la magogo
ana ndevu nyeusi kwenye kadi; aliyesimama hapa
kama amepuliziwa unga.
Binti wa akina Beaudry tulimwacha na miaka kumi na tano,
amerudi na kumi na saba na sauti nyingine.
Mwalimu wa kinanda hazioni herufi za mstari wa tano,
anaapa mwaka jana alizisoma.
Mwaka jana upi? namuuliza. Ananyamaza.

Serikali ilisema zilizokwisha hazijakwisha.
Barua fupi, tukaibandika mlangoni:
kila kadi iliyoisha muda wakati wa maradhi
ihesabiwe hai mpaka siku tutakayotaja.
Wakaitaja siku, wakaisogeza, wakaisogeza tena.
(Yangu iliisha wiki moja kabla ya barua.
Mwaka mzima naendesha gari kwa kosa
nikija hapa kuhuisha za watu.)

Namba themanini na tano ni Aune Lahti.
Aliweka kadi mbili juu ya kaunta,
akazinyoosha kwa kidole kama mtu apangaye karata.
Hii yangu, akasema. Na hii ya Reino.
Reino mwenyewe yuko wapi?
Akakitazama kioo kilicho kati yetu, si mimi.
Novemba, akasema. Lakini barua yenu inasema yeye bado halali.

Nikaisoma kadi. Iliisha Aprili.
Barua ikaibeba Julai, ikaibeba Septemba,
ikaivusha mwaka.
Mwenyewe katangulia; kadi imebaki nyuma
na ruhusa ya kuendesha.

Mnahuisha hapa, sivyo? akauliza,
si kwa ubishi, kama mtu aulizaye bei
ya kitu asichokusudia kununua.
Tunahuisha kadi, mama.

Kanuni: ichukue, itoboe, itupe sandukuni.
Kitoboleo chetu kina mlio wa jino likivunjika.
Nikatafuta pa kutoboa. Si jicho. Si jina.
Pembeni, penye anwani, Barabara ya Machimbo.
Nikabana. Nikamrudishia, sanduku likakosa haki yake.
Akaiinua kwenye taa, akachungulia tundu.
Reino angesema, hapo ndipo pa kutundikia funguo.

Kisha zamu yake. Rangi ya macho? Ile ile.
Urefu? Akafikiri. Andika ule ule,
ingawa nimepungua.
Ukifa utatoa viungo vyako? Swali la fomu, niwie radhi.
Vipi, akasema, hivi? Akajipapasa magoti
na kucheka, kamera ikamdaka papo hapo,
meno yote nje.
Sikupiga nyingine.

Kadi itafika kwa posta, wiki tatu.
Kwa sasa chukua karatasi hii.
Akaikunja karatasi, kadi ya Reino ndani yake.

Kupitia dirisha nilimwona akipanda pikapu la buluu,
chumvi ya barabarani imelilamba hadi vioo.
Kiti kimerudishwa nyuma kabisa, kwa miguu ya mtu mrefu;
yeye kaketi ukingoni, kifua kikigusa usukani,
ndivyo alivyoendesha msimu mzima wa baridi.
Akawasha. Akazima. Akainama chini ya kiti
akitafuta kitu kwa mkono.
Kikaja mbele. Tundu moja, labda mawili.

Themanini na sita alikuwa amekwisha kufika kauntani,
ameshusha barakoa bila kuambiwa,
anangoja.