Kilo Ishirini

Saa tisa za usiku Nazario hugonga kifuniko cha sufuria,
mara tatu, hapana nne,
na wageni huamka wakiulizana viatu vyao.
Sisi tumeshaamka. Hema la jikoni limekwisha kunjwa,
mtungi wa gesi uko mgongoni mwangu
kwa kamba ileile ya sufu ya lama
aliyoisokota mama mwaka wa ukame.

Desturi ni hii: wao hupanda kwenda Lango la Jua,
sisi huteremka mbio kwa njia ya pembeni
tuiwahi treni ya wapagazi, saa kumi na moja na nusu.
Miaka kumi na tisa.
Mji ule nimeubeba:
meza zake, viti vyake, mayai yake yasiyotakiwa kuvunjika,
choo chake cha plastiki, naam, na hicho,
na mji wenyewe sijauona.
"Si uende Jumapili," huniambia binti yangu.
Jumapili nina viazi.

Leo ni ya mwisho. Goti limekataa.
Juzi, kwenye Pengo la Mwanamke Aliyekufa,
mahali pumzi inapouzwa kwa bei ya ulanguzi,
lililia kama mlango wa kanisa.
Nikaweka jiwe dogo juu ya rundo la mawe ya waliopita,
na jani la koka juu ya jiwe,
nikasema: basi, mama, tumeelewana.

Kumbe magoti hujuana.
Torunn, mwalimu mstaafu kutoka Norwe,
alikuwa na lake, limefungwa bendeji hadi pajani,
na kiongozi, akichelea kuchelewesha kundi, akaniambia:
"Anacleto, mzigo wako wagawane. Mshike huyu."

Tukapanda. Watu wawili, magoti mazima mawili.
Yeye hana Kikechua, mimi sina Kinorwe.
Tukahesabu ngazi, kila mtu kwa lugha yake,
na kwenye mia tukaangua kicheko
kwa sababu tulifika pamoja.

Lango la Jua halikuwa na jua.
Ukungu tu, mzito
kama maziwa ya unga tunayowakorogea asubuhi.
Wageni wakaupiga picha ukungu.
Mmoja akalia, kwa furaha au kwa pesa zake,
sikumwuliza.

Mimi nilitazama chini, ndivyo nilivyozoea;
mtu wa mzigo huijua dunia hatua nne za mbele.
Ngazi.
Fupi.
Haikupimwa kwa mguu wa mfalme,
mfalme alibebwa.
Ilipimwa kwa mguu wa mtu aliyeinama,
nusu hatua, pumzi, nusu hatua.
Paja langu lilijua kabla ya kichwa:
aliyeilaza hapa aliibeba kwanza.
Nani alimpimia, yeye?
Nani alimwambia, hizi ni kilo ishirini,
hiki kingine kishushe?

Ukungu ukafunguka kidogo, kama pazia la jirani.
Nikaona ukuta. Mfereji. Lama mmoja
akila majani mlangoni mwa nyumba ya mtu.
Ukajifunga.
Torunn akaniuliza kwa vidole: umeona?
Nikamjibu kwa vidole: kidogo.

Treni ya wapagazi ilishaondoka.
Nazario alibaki, yeye na viazi vitatu ndani ya kitambaa,
na mizani ya ndoano, ile anayopimia mizigo yetu,
ameitundika kwenye boriti ya kituo.
Nikavishika viazi. Vilikuwa bado na joto.
Kisha, sijui kwa nini,
nikaishika ndoano kwa mikono miwili, nikakunja miguu,
nikaning'inia mzima, na kofia yangu, na matope yangu.

Sindano ikakimbia hadi hamsini, ikagonga chuma,
haikuwa na pa kwenda.

"Umezidi," akasema Nazario. "Shuka."

Sikushuka upesi.