Taa Pembeni

Lenzi imetoka kwenye kiyoyozi, imejaa ukungu;
naifunika kwa kilemba, nangoja. Sur, Agosti,
saa nne asubuhi na shati limeshanata mgongoni.

Stendi inayumba. Mfuko wa mchanga nimeusahau Maskati.
Bi Ghaniya anasukuma kwa mguu
gunia la tende: "Funga hili. Zimeshaingia wadudu."

Ana picha moja tu ya usichana wake,
studio ya Ng'ambo, Unguja, kanga bado ina gundi,
mwako ukampiga usoni,
akatoka amefumba macho.
"Marehemu alinioa kwa picha ile.
Alidhani nina haya."

Basi flashi naivua kichwani mwa kamera,
naipeleka kushoto, naigeuzia ukuta wa chokaa,
nguvu naipunguza, robo, kisha nusu ya robo,
mwanga ufike umechoka njiani,
umguse shavu kama mgeni anayebisha hodi.

"Tayari, bibi?"
"Mimi tayari tangu mwaka sitini na mbili."

Nikabonyeza.
Makunyanzi yakajitokeza, kila moja na kivuli chake;
macho mawili wazi, hayana haya hata chembe.

Aliyepepesa ni mimi.